Filamu ya Mama na Tai wa Elgon

Kitale,
14 Agosti 1988

Kwa Dada Cheptoo,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Rahab. Sisi ni wazima, ila kikohozi cha mtoto bado kinatusumbua. Sijui nyinyi huko Bungoma mko vipi, shemeji na watoto? Natumaini mvua haijawaharibia mahindi kama ilivyotufanyia huku.

Dada, barua zako tatu nimezipata. Zote unauliza picha ya Mama, ile moja tu aliyokubali kupigwa maishani mwake, wiki mbili kabla hajatuacha. Nitafika hapo. Kwanza sikia nilivyohangaika.

Mtafiti mmoja wa ndege aliahidi kuniajiri nikimletea picha ya tai mwenye ndevu, yule adimu anayeangusha mifupa kwenye mawe ili ipasuke. Nikapanda Mlima Elgon, juu ya Cheptais. Siku nane nzima, ukungu asubuhi, mvua mchana, tai hakuna. Wenye mashamba nao wakanizingira wakidai ati nimetumwa kupima ardhi yao. Nikawaambia natafuta ndege. Wakacheka, wakasema mtu mwenye akili zake hawezi kuacha studio mjini aje kulala kwenye baridi kwa sababu ya ndege. Nilikasirika sana, lakini hata mimi nilikuwa nimeanza kukubaliana nao.

Siku ya tisa akaja, akatua karibu kabisa. Nilimaliza filamu nzima.

Sasa nikuambie ukweli. Nilikudanganya niliposema filamu ya Mama iko kwa fundi Eldoret. Sisi wapiga picha, filamu ikiisha, huurudisha ulimi wake, ile ncha inayochomoza, wote ndani ya kikopo ili isichanganywe na mpya. Ulimi wa ile ya Mama niliuacha nje, kwa sababu alizidiwa siku hiyohiyo nikakimbia naye hospitali. Kule mlimani nikaiweka tena kwenye kamera nikidhani ni mpya, tai akapigwa juu ya Mama.

Mtafiti amezikataa picha, ati tai gani huyu mwenye kitambaa cha kichwa. Kazi imeniponyoka. Nimechoka, Dada, na najichukia.

Picha nimeiweka humu. Bawa limemfunika Mama mashavu na mdomo, ni macho tu yanayoonekana vizuri. Nimejaribu kuisafisha upya mara kumi, bawa haliondoki. Ukitaka nikasirikie mwaka mzima, lakini usiichome. Hatuna nyingine.

Msalimie shemeji, na watoto wote mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Kimaiyo