Mtani Ndani ya Dashibodi

Isevya, Tabora

Mama yangu, shikamoo.

Hujambo lakini? Goti je, bado linakusumbua ukiinama kuchimba mihogo, au ile dawa ya kuchua aliyokuletea Kaka Salumu imesaidia? Na bibi anakula? Mwambie nilimsikia akikohoa kwenye simu, asidhani amenificha. Huku sisi wazima, ila kuchoka tu. Nimechoka Mama, yaani hata kope zimechoka. Dada Rukia naye mapacha hawamlazi, akilala huyu anaamka yule. Shemeji anasema nyumba hii ina zamu kama reli.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatuongei. Ukinipigia swali lako ni moja tu, "Unarudi lini Maneromango?" Nikianza kueleza salio linakata, wewe unabaki umenuna, mimi nabaki na maneno mdomoni. Karatasi hii anakuja nayo binamu yake shemeji kwa treni, atamkabidhi Kaka Salumu. Basi soma taratibu, narudi lini nitakujibu humu humu. Ila usirukie mwisho, nakujua!

Kwanza habari yenyewe. Mzee Kapela amefariki. Ni yule mfanyabiashara wa asali, Mnyamwezi wa Ntalikwa, aliyenipa kazi ya kufunga kompyuta ndogo na skrini kwenye pikapu yake. Amefariki, na siku ya kumzika sauti yangu imemtukana mbele ya ndugu zake wote, wakati mimi mwenyewe nipo gereji huku Gongoni nakwangua waya. Usishike kichwa bado. Ngoja nianze mwanzo.

Siku alipoleta gari kwa bosi wangu Fundi Masanja, aliponiona tu nimelala chini ya usukani akauliza, "Na huyu binti kabila gani?"

Nikasema Mzaramo wa Kisarawe.

"Lo! Masanja, umeniwekea mwizi ndani ya gari!" Akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Ndiyo maana kofia inataka kukimbia."

Nikamwambia, "Mnyamwezi ana nini cha kuibiwa, Mzee? Labda hilo bega lenye sugu."

Alicheka hadi akakaa kwenye tairi. Akasema babu zake walibeba pembe kutoka hapa hadi pwani, na sisi babu zetu walikuwa wamekaa kwenye mihogo wanawachungulia wakipita, kazi yao kuuza maji. Nikasema bora kuuza maji kuliko kuwa punda. Basi tangu siku ile, gereji nzima ikawa inasubiri aje tutukanane.

Kazi yenyewe sasa. Alitaka redio ya zamani itoke, iwekwe skrini ya kugusa kwa kidole, na ndani yake ramani ya njia zake za porini kule anakokusanya asali. Maana ramani za kwenye simu, ukishapita shamba la mwisho zinaonyesha kijani tupu, kama vile dunia imeishia pale. Mimi nikaruka, nikasema naweza! Fundi Masanja akanitazama tu. Hakuna aliyenifundisha Mama, nimejifunza mwenyewe kwa video za mtandaoni, za Wahindi wanaoongea haraka kama wanafukuzwa. Kompyuta yenyewe ni kidude cha ukubwa wa pakiti ya sigara, unakificha nyuma ya dashibodi hakionekani.

Kilinitesa! Ukiwasha gari, stata inakula umeme wote, kidude kinazimika, na kikizimika ghafla memori kadi inaharibika, naanza upya. Nikatafuta namna ya kukichelewesha, kisubiri injini itulie ndipo kiamke. Hapo nikashangilia, kesho yake jua la hapa likayeyusha gundi, skrini ikaning'inia kama jino bovu. Fundi Masanja akasema, "Mwanaidi, Tabora tumeishi na redio miaka yote, haijawahi kutulaza macho. Hiki kikigoma tena unarudi kubadilisha balbu."

Halafu ile ramani. Tulizunguka porini na Mzee, yeye anataja, mimi naweka alama. Hapa kwa yule mama mwenye mizinga ya magome. Hapa mto ukijaa usithubutu. Hapa mbwa mkali, piga honi kwanza. Mbung'o wananing'ata hadi shingoni, barabara inanirusha hadi kichwa kinagonga paa, na Mzee ananiambia, "Vumilia mpagazi wangu, zamu yenu imefika." Nikirudi jioni Dada Rukia ananiuliza ni fundi au nimechimba kaburi.

Mwisho kikakubali. Mzee akaketi, akagusa skrini, ramani ikaja na njia zake zote. Akaifuata moja kwa kidole hadi mwisho. Halafu akasema bado kitu kimoja. "Gari la mwanangu Yasini likiwaka linaongea Kijapani. Sijui linanisalimu au linanitukana. Hili langu linitukane kwa Kiswahili nielewe."

Basi nikarekodi palepale gereji, Fundi Masanja anakohoa kwa nyuma: "We Mnyamwezi! Umelala? Amka ubebe mzigo, pwani bado mbali!"

Kila asubuhi gari likiwaka linamwambia hivyo, naye analijibu. Mkewe, Mama Yasini, alikuwa anasikia kutoka jikoni mumewe anagombana na gari.

Sasa presha ikampanda, akalazwa hapa mjini, hakutoka. Mwanawe Yasini akaja mbio kutoka Mwanza. Yeye hajawahi kupanda pikapu hiyo tangu tuifanyie kazi, hajui lolote. Marehemu alishaoshwa na kuvikwa sanda palepale hospitali, jeneza likapakiwa nyuma ya pikapu, wazee wakakaa pembeni kulishikilia, maziko Ntalikwa baada ya Alasiri. Yasini akasema baba ataenda na gari lake na dereva ni yeye. Akawasha. Kidude si nimekichelewesha? Kikasubiri injini itulie. Gari likaanza kusogea getini, watu wanasoma dua, ndipo sauti yangu ikatoka:

"We Mnyamwezi! Umelala? Amka..."

Mama, walionisimulia wanasema hata dua ilikatika. Yasini akapiga breki. Akaingiza mkono chini ya skrini, akavuta furushi lote la waya kwa hasira, na humo ndani umo waya wa swichi wa gari lenyewe. Gari likazima. Likagoma kabisa. Maiti nyuma, jua linashuka, getini hapapitiki.

Wakampigia Fundi Masanja. Akakata simu akanitazama, akasema, "Chukua testa na plaizi. Umefiwa." Njiani kwenye bodaboda nilikumbatia testa na plaizi, Mama. Nilitamani nimwambie yule kijana anipeleke stesheni moja kwa moja nije kwako. Jina langu lote hapa ni lile gari. Watu wangesema yule binti wa Kizaramo ndiye aliyechelewesha maiti ya Mzee Kapela, na hakuna tena wa kuniletea hata taa ya pikipiki.

Nikafika. Wanaume wamesimama wamelizunguka gari. Yasini amekaa kwenye ukingo wa barabara, mtu mzima na suruali yake nzuri, anaangalia mikono yake. Nikasema shikamooni, nikaingia chini ya dashibodi. Jeneza liko pale nyuma ya kioo, yaani ningenyoosha mkono ningeligusa. Waya za rangi nyingi zimechanika kama utumbo wa kuku. Nikajiambia, fuata mmoja mmoja. Huu wa taa, huu wa honi, huu wa swichi. Nikaunga, nikabadilisha fyuzi, nikafunga na utepe.

Ukabaki ule mmoja wa kulisha kidude. Nikatoa kichwa nje nikauliza, "Jamani, na huu wa mdomo niuache?"

Yasini akainuka. "Kata! Utaachaje? Baba yangu anatukanwa ndani ya sanda na wewe unauliza?"

Mzee mmoja kule nyuma, kaka yake marehemu, akasema, "Tangu lini mtani akazibwa mdomo msibani? Wewe Yasini umekulia wapi?"

"Mtani ni mtu, baba mkubwa. Hiyo ni mashine."

"Mashine na mtu wake si huyu hapa? Ana mafuta hadi puani!"

Wakaanza kubishana, mimi nimeshika ule waya kwa vidole viwili. Ndipo Mama Yasini akashuka kutoka gari la nyuma. Alikuwa amemuuguza hospitali siku zote zile, uso umekwisha. Akaja hadi mlangoni, akanitazama mimi, akaitazama skrini. Akasema neno moja tu.

"Washa."

Nikaunga. Nikawasha mwenyewe, maana Yasini hakusogea. Injini ikaitika, ikatulia, tukangoja. Mama, sijawahi kuiogopa sauti yangu kama siku ile. "We Mnyamwezi! Umelala? Amka ubebe mzigo, pwani bado mbali!"

Halafu yule kaka yake marehemu akapiga jeneza kwa kiganja taratibu, akajibu kwa sauti ya puani, hasa ile ya Mzee Kapela, "Kaa kimya Mzaramo! Leo mzigo ni mimi, bebeni nyinyi!"

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Mama Yasini. Alicheka ameshika mlango wa gari, machozi yanamtoka, wanaume wote wakaangua kicheko na kilio pamoja hata huwezi kutenganisha. Yasini akapanda, akashika usukani, gari likaondoka.

Mimi nilidhani nimemaliza. Thubutu! Nikapakiwa na akina mama hadi Ntalikwa, na kufika tu wakapiga kelele, "Mtani kafika! Mtani kafika!" Nikabebeshwa sufuria kichwani nizungushwe uwanja mzima, "Mzaramo leo mpagazi!" Nikavalishwa koti la Mzee na kofia yake, nimuigize anavyoonja asali. Wewe ulinieleza mambo haya nikiwa mdogo nikadhani ni hadithi tu. Sikujua pa kuanzia. Nikachovya kidole kwenye bakuli la uji nikakunja uso, "Hii mmetia maji! Mnadhani mimi nimezaliwa leo?" Wakagaagaa. Nilichota maji, nikaosha vyombo, nikamenya viazi, na kila nikikaa mtu ananiita, "We mtani, umechoka nini, hujafika pwani." Miguu ilivimba. Mpaka leo naandika nimeiweka kwenye beseni.

Jioni kabla jua halijazama Yasini alinifuata nilipokuwa nasugua masufuria. Akachuchumaa. Akasema, "Nimekuharibia kazi yako."

Nikamwambia haina shida, nimeshaunga.

Akaokota kijiti, akachora mchanga. "Iliposema amka," akasema, "niligeuka nyuma kutazama."

Nilimpa sufuria moja, akasugua.

Sasa jibu lako, Mama. Mama Yasini yuko eda. Aliniita chumbani, akaniambia akitoka eda anaendelea na asali mwenyewe, na dereva atamwajiri, kwa sababu zile njia zote zimo kwenye skrini na wale watu wa mizinga wanamngojea. Yasini ameshakubali. Ila sauti hataki niifute, anataka niibadilishe. "Hiyo yako ilikuwa inamwamsha mume wangu," akasema. "Mume wangu tumeshamfikisha. Sasa gari linitukane mimi. Nikipanda nisikute kimya."

Kwa hiyo nitarudi Maneromango Mama Yasini akishatoka eda, nikishamkabidhi gari lake. Sio kwamba nimekataa kurudi. Nina hamu na kisamvu chako hadi naota, nina hamu ya kulala siku nzima bila mtu kuniita. Lakini kazi hii siwezi kuiacha njiani.

Na hapo ndipo nimekwama. Nimekaa na simu narekodi nafuta, narekodi nafuta. Matusi yameniisha. Kila nikifungua mdomo kumtania yule mama, naona uso wake pale mlangoni, sauti inakufa. Wewe uliishi nao Wanyamwezi kwenye mashamba ya mkonge ukiwa msichana, mlikuwa mnatukanana mkitoka kisimani. Nitafutie neno moja, la mwanamke kwa mwanamke mwenzie, limchome hadi acheke lakini lisimguse marehemu. Na usiniandikie. Rekodi mwenyewe kwenye simu ya Kaka Salumu anitumie. Sauti yangu imeshamsindikiza mumewe, haifai kumwamsha yeye. Nitaifunga yako. Kabla sijamkabidhi itabidi niijaribu, na kujaribu kwenyewe si unajua, nitawasha lile gari mara nyingi tu.

Nisalimie bibi, mwambie mtani wake mmoja ametangulia. Msalimie Kaka Salumu na mkewe, na wanangu wale watoto wao wasichezee redio yangu ya kabatini. Mjomba mwenye mikorosho mwambie taa ya pikipiki yake nitaitengeneza nikija, asimpe mtu mwingine. Shangazi wa Mzenga umpe pole ya meno. Dada Rukia na shemeji wanakuamkia, na mapacha wanalia hapa, hesabu nao wamekuamkia.

Ukirekodi usinong'one, Mama. Ita kwa nguvu, kama unavyoniita mimi nikiwa mwisho wa shamba. Injini ya lile gari ina kelele.

Ni mimi mwanao, miguu ndani ya beseni,
Mwanaidi