Kopo la Maji la Ridha

Wingwi, 20 Januari 2025

Dada Konsolata,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na kwamba joto letu limeacha kukutesa. Sisi hatujambo.

Mwanangu Ridha, tangu aanze kwako skuli ya maandalizi, hurudi amejikunja, akakimbilia choo kabla ya kuvua viatu. Nyumbani bibi yake humtawaza kwa kopo la maji kila amalizapo haja; ndivyo dini yetu inavyotufunza. Anasema choo chenu hakina maji. Naomba akina mama tulete ndoo, tupeane zamu ya kukaa na watoto.

Dada yako,
Asma

27 Januari

Mama Ridha,

Habari za nyumbani? Bibi hajambo? Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Karatasi zipo chooni, na watoto huzoea. Kwa amri ya Mwalimu Mkuu wazazi huishia getini, maana mmoja akimwona mama yake hulia, na darasa zima likafuata. Ridha ni mkaidi kidogo: hukataa choo, kisha hujilowesha mkekani. Wenzake wanamwita Kikojozi, nimewakanya. Mzoezeni huko nyumbani.

Mwalimu wake,
Konsolata

28 Januari

Mwalimu Konsolata,

Salamu. Tu wazima.

Geti mnalotufungia, mbao zake tulizitoa sisi, na mawe ya darasa hilo tuliyabeba vichwani. Hatukujua kwamba tunajenga cha kutuzuia. Mwanangu si mkaidi, anaona haya. Hathubutu kukanyaga msala wa kusalia wa bibi yake akiwa si msafi. Nijibu, tafadhali.

Mama Ridha

17 Februari

Dada Asma,

Hamjambo nyote? Nauliza hasa afya ya Ridha, kwani nafasi yake mkekani iko tupu.

Sikukujibu. Nilidhani mnanisema kwa kuwa nimetoka bara na ni Mkristo, nikaona nikinyamaza yataisha. Siku yake ya mwisho darasani Ridha aliniuliza, “Mwalimu, na kwenu hakuna maji?” Nikacheka. Jumamosi wazazi wanakutana skuli. Njoo uyaseme.

Dada yako,
Konsolata

Chake Chake, 20 Februari

Konsolata,

Naandika hospitali. Homa ya Ridha imeshuka. Daktari anasema njia ya mkojo imeingia maradhi, na kubana haja kumechangia. Siwezi kuja mkutanoni Jumamosi, basi yafuatayo wasomee wewe mwenyewe, usiruke neno.

Mheshimiwa Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, Shehe Haidar wa msikiti wetu, Mwalimu Mkuu, wazee wetu, akina baba na akina mama wenzangu:

Nawaheshimu nyote, wala sikuandika kushitaki. Mwalimu anayewasomea hakumpiga mwanangu. Aliiamini amri kuliko alivyoniamini mimi. Nami, aliponyamaza, nilinyamaza. Baina ya kimya chake na changu, mtoto wa miaka minne akajifunza kubana. Katika masomo yote ya skuli ile, hilo ndilo alilolishika vyema.

Jana muuguzi alimpeleka chooni. Ridha akasimama mlangoni, akauliza, “Hapa maji yapo?” Kisha akauliza, “Na mama huachiwa kuingia?”

Ridha hatarudi. Amekataa, nami sina uso wa kumlazimisha. Nasema kwa ajili ya wenziwe. Akina mama tumekwisha kuamua: kuanzia Jumatatu wawili wetu wataingia na ndoo, wakae mpaka watoto watoke, na kila siku zamu itabadilika. Geti likifungwa, mikeka yote itabaki mitupu. Msiinuke hapo kabla ya kukubaliana ni mzazi gani atakayeshika ufunguo.

Nawe Konsolata, ndoo iko kwa bibi yake Ridha. Ya Jumatatu utaijaza wewe.

Mama Ridha