Kuku Chumbani, Kura Ugenini

11 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, kaa kitako, na kama una pini mdomoni zitoe kwanza, nisije nikakuua kwa furaha. Ukisikia redioni kwamba sisi tulio ugenini sasa tunaruhusiwa kupiga kura, usihangaike kuwashukuru wabunge. Mshukuru mwanao. Nimebadilisha sheria ya nchi nzima mimi peke yangu, tena nikiwa nimevaa ndala.

Ilikuwa hivi. Balozi alituita mkutanoni Jumapili. Ukumbi umejaa, wasomi wamekaa mbele, kila mmoja anazungusha "kwa heshima na taadhima" mpaka swali lenyewe linachoka kungoja. Nikasimama mimi, mtu wa darasa la sita, nikasema: "Mheshimiwa, mmoja wetu akifa huku mnahangaika kumrudisha akazikwe kwao, kwa sababu ni raia. Sasa sisi tunaopumua, mnangoja nini?" Ukumbi ukalipuka. Balozi akafuta jasho, akasema, "Kijana, mwaka huu mtapiga kura, hapa hapa ubalozini." Umeona? Swali moja tu!

Mimi mzima, kile kikohozi kimekimbia chenyewe kilipoona hakijaliwi. Kazi ya vigae inaendelea. Sasa natandika sakafu ya hospitali mpya, korido ndefu hiyo, na vigae vyangu vimenyooka hadi msimamizi akipita anatembea kwa adabu. Msumari, yule mpiga plasta ninayekaa naye chumba kimoja, anakuamkia. Bado mwembamba vilevile.

Miguu yako je? Cherehani? Baba mdogo na kuku wake?

Ni mimi mwanao,
Mbadilisha Sheria

2 Machi

Mwanangu Domo,

Marahaba. Sijambo. Miguu inavimba jioni, asubuhi inanisamehe. Cherehani inakula uzi lakini inashona.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili ni kwa ajili ya kucheka. Redio inasema sheria hiyo ilipita bungeni mwaka jana, wewe ulikuwa hata hizo ndala hujanunua. Ila swali lako lilikuwa zuri. Nimewasomea majirani.

Sasa nisikilize. Umeulizia kuku wa baba yako mdogo. Wamo chumbani kwako. Banda lao lilibomoka kwa mvua, akaniomba awahifadhi siku mbili tu, na mpaka leo wamo. Jogoo analala juu ya ubao wa kitanda chako, ukifungua mlango anakutazama kama umeingia bila hodi. Nikimwambia baba yako mdogo awatoe, ananijibu, "Shemeji, yule kijana ameshahama. Akija atakuja kama mgeni, tutamtandikia mkeka sebuleni."

Juzi ikanichoma. Nikamwambia mgeni hapigi kura, na mwanangu mwaka huu anapiga. Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasema mbele ya watu, "Akipiga kura yule, kuku wanatoka siku hiyohiyo, na chumba nakipaka chokaa kwa mkono wangu mwenyewe."

Sitaki mambo makubwa kutoka kwako. Nataka ukajiandikishe. Watu wakiniuliza kama nina mtoto wa kiume au nilikuwa naye, nataka niwe na jibu.

Mimi mama yako

24 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole kwa wapangaji. Mwambie huyo jogoo aanze kufunga mizigo.

Jumamosi nilipeleka jeshi zima ubalozini. Wapiga plasta, wafagiaji, wasichana wawili wa saluni, na mpishi mmoja ambaye alidai hana muda hadi nilipomwambia kwamba watu wasiopiga kura hawana haki ya kulalamika, na yule bwana bila kulalamika hawezi kuishi. Foleni niliipanga mimi. Msumari alipopigwa picha alifumba macho mara tatu, ikabidi nisimame nyuma ya kamera nimtishe na ndala. Ametoka kwenye picha kama mtu aliyeona simba, lakini ameandikishwa. Wote wameandikishwa. Yule dada wa ubalozi anayeandikisha watu, mwenye miwani ya kamba shingoni, ameniuliza kama nimewahi kufanya kazi serikalini. Nikamwambia serikali bado haijafikia kiwango changu.

Mimi mwenyewe kuna jambo dogo tu na mashine yao, halina shida.

Usibebe ndoo.

Ni mimi mwanao,
Kamanda wa Foleni

20 Aprili

Mwanangu,

Nimeingoja barua nyingine, haikuja, basi naijibu hii niliyonayo.

Umeandika ukurasa mzima kuhusu watu wengine na mstari mmoja kuhusu wewe. Nimekuzaa mimi. Ulipovunja dirisha la jirani kwa mpira, ulikuja ukanieleza kwanza habari za jua na mawingu.

Jambo dogo gani na mashine?

Kuku wametaga ndani ya viatu vyako vya shule. Baba yako mdogo anauliza kila jioni, "Mpiga kura wetu hajambo?"

Mama yako

9 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Leo jua ni kali, mawingu machache.

Haya, basi. Mashine inasema sina vidole.

Kujiandikisha ni lazima uweke vidole juu ya kioo, mashine isome ile mistari ya ngozi, ndiyo siku ya kura ikutambue. Wenzangu wote ilikuwa gusa, taa ya kijani, twende. Nikaweka mimi. Taa nyekundu. Dada wa ubalozi akafuta kioo, akanifuta na mimi, nikaweka tena. Nyekundu. Tukajaribu vidole vyote kumi, mama, hata vile visivyo na kazi. Ndipo akavaa miwani yake, akaugeuza mkono wangu kama anayekagua kitambaa.

"Kaka, unafanya kazi gani?"

"Fundi vigae. Bora kuliko wote."

"Unashika saruji kwa mikono mitupu?"

"Kila siku."

"Basi saruji imekula alama zako. Vidole vyako ni laini kama sahani."

Na unajua kwa nini sivai glavu. Ukivaa glavu husikii kigae kimoja kikizidi kingine kwa unene wa karatasi. Mimi nasikia, ndiyo sifa yangu yote hiyo! Mikono hii ninayojisifia mji mzima ndiyo iliyonikana mbele ya foleni niliyoipanga mwenyewe.

Nimerudi mara mbili nyingine, nikiaga kwamba naenda kununua sabuni. Msumari nimemwambia nimeshaandikishwa. Watu wananiita Kamanda, mama, nami naitika. Uandikishaji unafungwa mwisho wa Juni.

Usimwambie baba mdogo.

Ni mimi mwanao,
Laini kama Sahani

25 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Barua hii na kifurushi namkabidhi nesi wa mtaa wetu anayekuja huko kusoma, vikufikie upesi.

Mwaka ule niliojiunguza na pasi, kidole gumba changu kilibaki kitupu, kinang'aa. Nilidhani ndiyo basi. Kiliota tena, mistari ileile, kama vile ngozi ilikuwa imeikariri. Kwa hiyo acha kujililia, vidole unavyo, vimechoka tu.

Ndani ya kifurushi kuna glavu mbili za kitambaa. Jioni ukitoka kazini nawa, paka mafuta mazito, vaa, lala nazo. Kila siku. Nimezishona kwa shuka la kitanda chako, lile la mistari ya bluu. Nililificha kabatini kabla kuku hawajahamia.

Na mchana mwombe msimamizi akupe kazi kavu, kupima na kukata, mpaka Juni iishe. Najua utaona aibu. Ona aibu, halafu mwombe.

Baba yako mdogo sijamwambia. Nimemwambia unajiandaa.

Mama yako

28 Juni

MAMA!

Shikamoo shikamoo shikamoo. Kijani!

Ngoja nianze vizuri. Glavu nilizivaa. Msumari aliponiona usiku wa kwanza aliuliza harusi ni lini. Ikabidi nimwambie ukweli, hata kwamba sijaandikishwa. Nilidhani atatangaza kwa watu wote. Alinitazama mikono, mama, halafu akaanza kunifungia kamba za glavu kila jioni, maana ukishavaa ya kwanza huwezi kujifunga ya pili. Akinitania, lakini akinifunga.

Msimamizi naye nilimwomba. Akacheka kidogo, akanipa mashine ya kukata. Wiki zote hizo nimekata vigae vya wenzangu, nikiwatazama wakivitandika vibaya, nikimeza mate. Hiyo peke yake inatosha kunipa uraia.

Jana nikaenda. Kidole cha kwanza, nyekundu. Cha pili, nyekundu. Dada wa ubalozi ameanza kukunja uso kwa huruma. Nikaweka gumba la kushoto, lile nililokuwa nanyonya mpaka ukalipaka pilipili. Mashine ikafikiri. Ikafikiri tena, kama mimi darasani. Kijani! Yule dada alipiga makofi, Msumari akaruka, askari wa mlangoni akaja kuona kuna nini.

Kadi ninayo. Picha nimetoka vizuri sana, mwenyewe nimejishangaa.

Ni mimi mwanao,
Mwenye Gumba

19 Septemba

Mwanangu,

Sijambo, miguu sijui hata ilipo kwa furaha.

Siku ya uchaguzi nilipanga foleni hapa tangu asubuhi, nikijua na wewe huko umepanga. Nilikuwa nikisogea hatua moja nasema moyoni, naye amesogea. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu aliniuliza nacheka nini.

Jioni baba yako mdogo alikuja na ile picha yako unayoonyesha kidole chenye wino, aliyotumiwa simuni. Aliitazama kwa muda mrefu, aliikuza, akaipunguza. Akaenda akaleta tenga. Jogoo aligoma, akamparua mkono, majirani wote wakashuhudia. Kesho yake akapaka chokaa, kuta zote nne, na mlango akaongeza kwa hiari yake. Chumba chako kinang'aa. Dirisha nimelifungua, harufu inaondoka polepole.

Kuna jambo moja. Redio ilikuwa inasoma matokeo ya huko nje, ubalozi kwa ubalozi. Ilipofika wa kwenu ikasema kura zote ni halali, isipokuwa moja imeharibika. Baba yako mdogo akacheka kwa mara ya kwanza tangu chokaa. "Mtu anasafiri mpaka ng'ambo, akaharibu karatasi!"

Mimi sikucheka. Sijui kwa nini. Mwanangu, unamjua aliyeiharibu?

Mama yako

7 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, mikono mizima. Sasa navaa glavu kazini, nimekata ncha ya kidole kimoja tu, cha kusikilizia vigae.

Siku ile ilikuwa yangu. Nilifika wa kwanza, hata askari hajafungua geti. Wote niliowaandikisha walikuja. Mpishi alikuja akilalamika, Msumari amevaa shati la kuazima lenye nafasi ya watu wawili. Gumba langu likawasha kijani mara moja. Dada wa ubalozi akasema, "Karibu, Kamanda," mbele ya watu wote. Nikapewa karatasi yangu, nikaingia nyuma ya pazia. Hapo nyuma nilikuwa mimi na nchi yangu tu, mama.

Swali lako. Namjua.

Alama niliiweka vizuri, ndani ya kisanduku, imenyooka. Ila karatasi ilikuwa kubwa, na chini kuna sehemu nyeupe tupu, na kalamu bado ninayo mkononi. Mwaka mzima sijashika kalamu kwa kazi nyingine yoyote isipokuwa kukuandikia wewe. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilikunja, nikatumbukiza, nikatoka kifua mbele, sina habari.

Kura zilihesabiwa mbele ya watu, milango ikiwa wazi. Dada wa ubalozi akafungua moja, akasimama. Akasoma kwa sauti, "Ni mimi mwanao." Watu wakaanguka kwa kicheko. Akasema karatasi iliyoandikwa maneno haihesabiwi. Nikapiga kelele kutoka dirishani, "Lakini dada, kila mtu humu ni mwana wa mtu!" Hapo ndipo wote wakageuka kunitazama mimi.

Za wenzangu zote zilihesabiwa. Ya mpishi, ya Msumari, za wale wasichana. Miaka mitano si mbali, gumba linakua, na safari hiyo nikishaweka alama nitamrudishia mtu kalamu yake mbio. Lakini mwaka huu, mama, kura iliyoharibika ilikuwa yangu.

Mwambie baba mdogo ukweli. Foleni nilipanga, kijani niliwasha, karatasi nilitumbukiza, kwa hiyo chumba ni changu na chokaa ibaki. Ila kwa haki, anaweza kurudisha kuku mmoja. Mmoja tu, na asiwe yule jogoo.

Hapa chini naandika bila woga, maana hapa ndipo mahali pake.

Ni mimi mwanao