Sikuiamini Dawa Yako Hata Moja

Mpendwa Baba Festo,

Tangu tukuzike sijakuandikia, maana uliniachia kazi za watu wawili. Lakini mwanao amenirudisha kwenye vita vyetu vya zamani, na wa kumweleza ni wewe tu.

Unaikumbuka safari ile ya kwa mama yangu, Liuli? Tulishuka ufukweni kununua dagaa wa usipa, na wakati wa kupanda kurudi nyumbani ukawa unasimama kila mara, ukijifanya unatazama ziwa. Wewe Mmatengo, uliyelima miteremko ya Litumbandyosi tangu utoto bila kutweta! Nikajua hutazami ziwa, unatafuta pumzi. Siku hiyohiyo nikakupeleka hospitali. Daktari akakusikiliza kifua, akakwambia uachane na sigara, nawe ukaitikia haraka mno. Hapo ndipo nilipoanza kukushuku.

Kwanza ulileta unga. Uliununua mnadani Mbinga kwa bwana mmoja mwenye kipaza sauti, aliyekuwa akitibu sigara, kisukari na wivu kwa kopo lilelile. Uliupenda sana unga ule. Mtu haipendi dawa namna ile. Nikachovya kidole, nikanusa, nikapiga chafya mpaka machozi yakanitoka. Ulikuwa ugoro uliochanganywa na tangawizi. Tumbaku ileile, imesagwa tu.

"Mwanamke wewe," ulifoka, "hata padri akikunyunyizia maji ya baraka utauliza yamechotwa mto gani!"

"Nitauliza," nikakujibu, na unga nikaumwaga chooni.

Zikafuata pipi za kifua. Ulizimumunya mbele yangu kwa utii kabisa, halafu unarudi kutoka shambani unatafuna majani ya mpera. Ulidhani sijui majani ya mpera yanaficha harufu ya nini.

Basi tukaenda wote duka la dawa mjini. Binti wa pale akatuonyesha plasta za kubandika mkononi na bazoka za kutafuna, zote zina nikotini. Nikamuuliza nikotini ndiyo nini. Akasema ndiyo inayomfanya mvutaji aitamani sigara.

"Kwa hiyo unamuuzia ugonjwa wake!"

Hakukasirika. Alieleza kwamba kinachoharibu mapafu zaidi ni moshi. Bazoka inatuliza hamu, kisha mtu anapunguza kidogo kidogo mpaka anaacha na hiyo bazoka yenyewe. Maneno mazuri, lakini hata mwenye kipaza sauti alikuwa na maneno mazuri. Nikakukataza kununua mpaka tumuone nesi wa kliniki, ambaye hakuwa na kitu cha kutuuzia. Akasema yaleyale. Ndipo nikakubali, kwa shingo upande.

Ulizitafuna kama karanga, kwikwi ikakushika misa nzima. Nesi akakufundisha utafune polepole, kisha uibane shavuni. Mavuno ya kahawa yalipoisha, sigara ulikuwa umeziacha. Mimi bado nilikuwa nakagua mifuko yako kabla ya kufua. Siku moja ukanikuta.

"Siku utakayokuta kitu," ulisema, "utafurahi."

Iliniuma, kwa sababu haikuwa mbali na kweli.

Mapafu yalikuwa yameshaliwa, na ndiyo yaliyokuondoa. Lakini ile miaka ya mwisho ulipanda mlima huku unaongea nami. Zamani pumzi yako yote ilikuwa ya mlima peke yake.

Sasa ni Festo. Amekuja kutoka Songea kusaidia kuchuma kahawa, anakohoa kikohozi chako, na shingoni ananing'iniza kidude kama kalamu kinachonukia matunda.

"Hii ni ya kuachia sigara, Mama. Si moshi, ni mvuke."

"Na sigara umeziacha?"

Anavuta vyote viwili, Baba Festo. Nikamuuliza kidude kina nini ndani, hajui. Aliyemuuzia je? Naye hajui. Nikampeleka kwa nesi yuleyule. Akakigeuzageuza, akasema hawezi kumwambia mtu avute kitu asichojua kilichomo. Akamshauri aanze plasta, na kila wiki arudi waongee. Festo akaitikia haraka mno, kama wewe.

Kwa hiyo nilimvizia. Nilimfuata mpaka nyuma ya mashine ya kumenyea kahawa, nimejiandaa kumfokea. Nikamkuta amekaa chini, plasta mkononi, kidude kiganjani, anakitazama tu. Hakuwa amevuta. Akaniona, akaninyooshea.

"Kaa nacho wewe, Mama. Mimi mwenyewe sijiamini."

Nimeambiwa mengi kuhusu sigara, na wewe, na wauza dawa, na mwanao. Hilo ndilo neno la kwanza nililoliamini papo hapo, bila kulinusa wala kulipekua. Nikakaa chini kando yake, tukangoja hamu ipite. Ilichukua muda, lakini ilipita.

Kesho atatamani tena, nami nitakuwa karibu. Lala salama, mume wangu.

Mkeo,
Mama Festo