Nimekulaza kwa Ubavu wa Kulia

Mama Mutua,

Kwanza niambie, shingo haikuumi? Nauliza kwa sababu maisha yetu yote ulilala chali, mdomo wazi, ukikoroma kama lori la mahindi linalopanda milima ya Kitui. Na sasa nimekulaza kwa ubavu wa kulia, kwa mikono yangu mwenyewe, uso umeelekea kaskazini kama mke wa sheikh. Usinikasirikie kabla sijamaliza. Hilo ndilo nililokaa chini kukueleza. Halafu nina maswali. Ulipokuwa hapa sikukuuliza chochote kwa sababu nilidhani majibu yako nayajua yote. Umeondoka, nimegundua sikuwa nimejua hata moja.

Habari za hapa Garissa ni hizi. Kafyu bado ipo. Jua likianza kuinama kila mtu yuko ndani na kuku wake. Ule msafara wa magari na askari unaotoka Kenya unakuja ukipenda. Unakumbuka ulivyocheka siku ya kwanza uliposikia watu wa hapa wanasema mtu akivuka mto kwenda Thika "ameenda Kenya", kana kwamba sisi tunaishi mwezini? Sukari hakuna. Kuku wako mwekundu anataga ndani ya buti la inspekta nililoletewa nilishonee kisigino, na sijamfukuza. Humu ndani yeye peke yake ndiye anayefanya kazi kwa moyo mkunjufu. Inspekta akija nitamwambia ngozi bado inapumzika.

Sasa swali la kwanza. Yale maongezi yako ya asubuhi, ulikuwa unapata nini?

Kila kulipokucha ulifagia ua huku unaongea na Mungu. Hukupiga magoti, hukufumba macho. Ulikuwa umeinama, ufagio mkononi, vumbi linakuingia puani. "Bwana, nipe ya leo tu. Ya kesho tutaongea kesho." Nami nimekaa kwenye kigoda changu, misumari mdomoni, nakuchokoza: "Wewe mwanamke, unamwomba Mungu kama mtu anayekopa chumvi dukani." Nawe bila hata kugeuka: "Na hajawahi kuninyima chumvi, Baba Mutua." Nilicheka nikaendelea kugonga viatu. Mimi, unajua, nilibatizwa kwa ajili ya uji wa shule. Nikafika darasa la tatu, uji ukaisha, nikaondoka pale na jina la Petero na hizi herufi zangu zilizopinda ambazo leo unazisoma, kama huko mnasoma.

Halafu akafa Musyoka.

Najua wajua, lakini acha niseme, maana nikiandika jina la mdogo wangu mkono unatulia kidogo. Tandiboi wa lori, anayeimba huku ananing'inia mlangoni, lori likakanyaga bomu la waasi wa Kisomali njia ya Wajir. Walituletea kofia yake. Tangu siku hiyo sikumsalimia tena Hirsi.

Hirsi jirani yetu, ambaye ua wake na wetu unatenganishwa na miiba tu. Hirsi aliyeniuzia ngozi tangu tuje hapa. Yeye hakutega bomu. Saa ile alikuwa kwetu, anakunywa chai yako na kulalamika maziwa ni machache. Nilijua hivyo vizuri kabisa. Lakini hasira yangu haikuniuliza Hirsi alikuwa wapi. Ilitafuta Msomali wa karibu, na wa karibu alikuwa yeye. Naye alikuwa na msiba wake, ngamia wake wote walikuwa wamezuiliwa na serikali huko Balambala na hakuambiwa atawapata lini. Hakunisimulia, na mimi sikuuliza.

Wewe ukaendelea kumsalimia kana kwamba hakuna vita. "Hirsi, nabad?" "Nabad, Mama Mutua." Amani? Amani. Kila asubuhi, juu ya miiba, na mimi ndani nauma misumari. Nilikugombeza siku moja. Nilisema, "Unamsalimia mtu wa waliomuua shemeji yako." Ukasema, "Nikimnyima salamu Hirsi, Musyoka atarudi?" Kisha ukaenda kuchota maji. Nilichukia sana.

Basi homa ikaja ikakuchukua alfajiri, na jua la hapa halina subira na maiti. Ilibidi uzikwe kabla ya kafyu. Watu wetu wa kanisa, makarani na madereva, walikuwa wameondoka na msafara. Mwalimu Zakaria anayetuongozea ibada alikuwa ng'ambo ya mto. Mbao za jeneza nazo zilikuwa ng'ambo hiyo hiyo. Mimi nilikaa ukutani kama gunia. Akina mama wakakuosha, wakakufunga kwa ile shuka nyeupe uliyoificha kwa ajili ya harusi ya mwanetu Mutua. Ndiyo, niliijua ilipokuwa.

Hakuna aliyemwita Hirsi. Alichukua jembe lake, akaita wakwe zake, wakaenda kule nje ya mji tunakozikana sisi watu wa bara, wakachimba.

Nilipofika na kuchungulia nikashangaa. Kaburi letu sisi ni shimo, unashuka, basi. Hili lilikuwa shimo, halafu chini kabisa, ubavuni, wamechimba kijichumba. Mwanandani, ndivyo kinavyoitwa. Maiti analazwa mle ndani, wanamziba kwa miti na mkeka, udongo usimwangukie. Nilikuwa bado nimekodoa macho Hirsi akaniambia, neno lake la kwanza kwangu baada ya muda mrefu, kwa ulimi wake usiojua p wala v: "Mzee Betero, wewe ndio bwana yake. Shuka wewe. Sisi si halali kumshika."

Nikashuka. Sijawahi kuona mzee wa Kikamba akishuka kaburini, lakini nilishuka. Wakanipokeza wewe. Ulikuwa mwepesi, mama. Hirsi amechuchumaa pale juu ananielekeza: "Ubafu wa kulia. Bole bole. Uso huku." Nami, mtu nisiyemsalimia, nikafuata kila alilosema. Nilikugusa shavu kupitia shuka. Mle ndani kulikuwa na baridi, nikaona vizuri, angalau huko umepata baridi. Zakaria alifika akihema, udongo umeshafika magotini, akasoma, tukaimba haraka haraka, tukatawanyika. Hirsi sikumpa hata asante. Niliingia ndani nikafunga mlango.

Nyumba ikawa kubwa. Siku moja nikachukua ufagio wako. Si kwa utakatifu, usijisifu. Ulikuwa udadisi tu, nilitaka kujua humo ndani ya vumbi ulikuwa unaokota nini. Nikainama, nikajitambulisha: "Bwana, mimi ni mume wa yule aliyekuwa akikusumbua kila asubuhi." Nikafagia. Nikaanza ile Sala ya Bwana ya shuleni, nikaenda vizuri kabisa mpaka pale pa kusamehe. Pale ulimi ukagoma. Kesho yake tena, pale pale. Nikajaribu kuparuka, kama tulivyokuwa tukiruka hesabu ngumu mwalimu akigeuka. Sala iliyobaki ikawa kama chai ya maji matupu. Nilikuwa nasema na Mungu huku namsikia Hirsi akikohoa nyuma ya miiba.

Sasa sikia lililokuja. Zakaria akapata habari ya mwanandani. Akaja kwangu na Biblia kwapani, uso mrefu. "Mzee Petero, mkeo amezikwa Kiislamu. Sisi tunalazwa miguu mashariki, ili siku Bwana atakapotokea mashariki tuinuke tukimtazama. Yeye kichwa ndicho kiko mashariki! Wote watainuka wakimtazama Bwana, na Mama Mutua atainuka amempa mgongo." Akasema Jumapili baada ya ibada watafukua, wakugeuze.

Nikakubali. Tena nikakubali upesi, na nitakuambia kwa nini, maana wewe ungeliona hata nikificha: nilifurahi. Nilikuwa nimepata kosa la Hirsi. Muda wote ule namchukia mtu bila kosa, inachosha sana, na hatimaye alikuwa amefanya kitu.

Mji huu hauna siri. Siku ya pili Hirsi akaja kwenye miiba, jembe mkononi, hakuvuka. Akasema, "Mzee Betero, wanasema nimemlaza mama fibaya. Mimi najua kaburi moja tu, ile baba yangu alinifunza. Kama ni makosa, nachimba tena mimi mwenyewe, usitafute mtu. Lakini wallahi, mama yangu mimi nilimlaza hifyo hifyo."

Mama Mutua, nilijifanya natafuta uzi. Nilitafuta uzi hadi akaondoka. Uzi ulikuwa mkononi.

Jumapili tukaenda. Zakaria, makarani wawili watatu waliokwisha kurudi, na majembe, akina mama wa kwaya, na Hirsi amesimama kando peke yake, jembe lake begani, anasubiri kuambiwa aanze. Majani madogo yalikuwa yameota juu yako baada ya ile mvua ya ghafla. Zakaria akanitazama nitoe ruhusa. Na hapo ndipo nikashikwa na ile tabia yangu uliyoizoea. Nilitaka kujua wewe unaona nini. Nikalala chini.

Ndiyo, kando ya kaburi, na suti yangu ya Jumapili. Ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kaskazini. Mama mmoja akapiga kelele, "Mzee amekata roho!" Zakaria akainama: "Petero, umeanguka?" Nikamwambia, "Sijaanguka. Napima."

Na nilichokiona ni miguu. Miguu ya Zakaria, ndani ya vile viatu vyake vyeusi nilivyovitia soli mpya. Mbele kidogo miguu ya Hirsi, ndani ya akala nilizomkatia mwenyewe kwa tairi la lori, zimeisha upande mmoja kwa sababu huburuta mguu wa kushoto. Mishono yote ni yangu. Nilijua zilipo kasoro. Ardhi ilikuwa na joto kama kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi. Nikakaa pale. Sijui kwa nini nilihisi vizuri hivyo, labda utaniambia.

Nikasema nikiwa bado chini, "Mwalimu, hapa si pabaya." Zakaria: "Mzee, suala ni mgongo! Atampa Bwana mgongo." Nikamwuliza, "Wewe ulimjua mke wangu? Alikuwa anageuka hata akisikia mwuza maziwa. Leo Mwokozi amwite kwa jina, ashindwe kugeuka?" Karani mmoja akaguna, mama mmoja akafunika mdomo kwa leso, na mara kwaya nzima wanacheka makaburini, Mungu awasamehe. Nami nikacheka hadi machozi, halafu yakabaki machozi tu, na hakuna aliyeniharakisha.

Niliponyanyuka nilisema, "Rudisheni majembe. Mtu huyu alimpa mke wangu kaburi alilompa mama yake. Hana jingine." Kisha nikamgeukia. "Hirsi, nabad?"

Akalishusha jembe kwanza. "Nabad, Mzee Betero." Nikamwambia asante, ile niliyokuwa nayo tangu siku ya mazishi, nzito kama risasi. Akasema tu, "Bole, rafiki," na kunipangusa vumbi begani.

Zakaria alifungua Biblia, akaifunga. "Basi tuombe," akasema. Tukaomba ile sala. Pale pa kusamehe nikajikaza kama mtu anayeingia maji ya Tana bila kujua kina. Sikusikia malaika. Nilisikia tu kwamba nimepita.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Musyoka bado amekufa, ngamia bado wamezuiliwa, na asubuhi nyingine hasira inaamka kabla yangu. Ndiyo maana nauliza: ni hivi hivi ilivyokuwa kwako? Maana naona amani hii haiwekeki. Ya jana nikiitafuta leo imeshachacha kama maziwa, inabidi nichukue ufagio niombe nyingine. Nilidhani wewe ulizaliwa nayo. Kumbe ulikuwa unaanza upya kila siku, mbele ya macho yangu, na mimi nacheka! Kwa nini hukuniambia? Au uliniambia?

Sasa Hirsi anakuja kunywa chai. Anasema yangu ni mbaya kuliko yako, na ana haki.

Limebaki moja. Dereva ameniletea salamu za Mutua: barabara ikifunguliwa anakuja na msafara kuona kaburi lako, lakini mkono wa watu wale hatashika, kwa sababu ya baba yake mdogo. Hasira hiyo naijua, ni mimi niliyemfundisha. Kwa hiyo nakuahidi hivi. Sitamleta kwako kwanza. Akishuka tu kwenye lori nitampeleka mlango wa pili, kwa aliyekuchimbia. Akikataa kuingia tutasimama hapo mlangoni mimi na yeye, hata jua litupige, hata kafyu itukute. Mutua ataushika mkono wa Hirsi, mama, hata ikibidi mkono wake niubebe mwenyewe kama mzigo mpaka ufike.

Pumzika salama.

Mumeo msumbufu,
Petero