Usinunue Vile Viti vya Muheza

Magamba,
Lushoto.
17 Julai 1993

Dada yangu mpendwa Elieshi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Muheza halikutesi tena kama lilivyokutesa mwezi ule wa kwanza ulipotoka Kwamkoro. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi ya Julai, ambayo mwaka huu imetukamata vibaya. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Anakusalimu sana na anauliza kama gesti yako imefika kwenye bati. Nimemwambia bati ulishapita, sasa uko kwenye viti.

Barua yako niliipata juzi. Unasema vyumba vinane vimekwisha, na sasa unatafuta viti vya chumba cha kulia wageni na vingine vya sebule yako mwenyewe. Umeviona kwa Yassin, yule mwenye duka karibu na soko, viti vya Dubai vya mahameli nyekundu na vifungo vya rangi ya dhahabu, vikakupendeza hata usingizi ukakupaa. Mwisho wa mwezi utavilipia kwa kile kiinua mgongo ulichopewa na shamba la chai la Kwamkoro walipokupunguza kazini, isipokuwa mimi nikikukataza, kwa kuwa mimi najua viti. Basi nitakuambia. Univumilie tu, maana kwa jambo hili sina ulimi mtamu.

Tangu biashara ilipofunguliwa na kila mwenye nauli ya Dar akawa mfanyabiashara, watu wa Lushoto wamepatwa na wazimu wa viti. Zamani tulikalia mabenchi na vigoda, na sikumbuki mtu aliyelia. Siku hizi mtu analaza watoto na uji lakini sebuleni ana seti. Ofisa mmoja wa hapa mjini, nisimtaje, unamjua, alinunua sofa kubwa kuliko mlango wake. Akabomoa fremu ili liingie, na mpaka leo hajairudisha, kwa hiyo familia nzima inakaa juu ya mahameli huku upepo wa mlimani unawapiga mgongoni. Nailoni lililokuja nalo kutoka dukani hawajaitoa, wanaogopa vumbi. Nilipokwenda kumsalimia niliteleza mara mbili, na mkewe akaniomba nisiegemee, nisije nikavikunja vitambaa vyake vya kufuma. Nikabaki nimekaa wima kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Nilijiuliza kiti kisichoegemewa wamekinunua cha nini.

Kiti hakichaguliwi kwa macho, dada. Kinachaguliwa kwa makalio na magoti, unisamehe kwa lugha hiyo. Marehemu Baba alikuwa hakati ubao mpaka amemkalisha mteja juu ya magunia ya mahindi, akipunguza na kuongeza, hadi nyayo zote mbili zilale chini na paja lisibanwe. Ndipo anapima kwa kamba. Cha kulia chakula kiwe na mgongo uliosimama. Cha sebuleni mgongo wake ulale kidogo, kidogo tu, sebule si wodi. Cha gesti kiwe chepesi, anayefagia akiinue kwa mkono mmoja, na kisiwe na vifungo vya kuhifadhi makombo na kunguni. Tena ukitaka kumjua aliyekitengeneza, kigeuze juu chini, utazame kule alikodhani hutatazama. Lakini nani siku hizi anageuza kiti? Wanapapasa mahameli, wanauliza kimetoka nchi gani, wanalipa.

Chukua Alfred, yule aliyekuwa akigawa sukari kwenye duka la ushirika kama vile ameilima yeye, ambaye sasa anataka aitwe mkurugenzi. Mwaka jana alipojenga gesti yake hapa mjini aliniita nimpelekee viti vya mfano. Nilimtengenezea vinne, kwa mbao ngumu za mkulo zilizokauka darini kwangu miaka mitatu. Alikaa kwenye kimoja akanywa chai, akamaliza birika, akaanza kusinzia. Alipozinduka aliuliza nani kakichonga. Nilipomwambia ni mimi, hapa hapa Magamba, alisimama kana kwamba kimemchoma, akasema hawezi kuwatoa wageni Ulaya waje wakalie Magamba. Waliosema kizuri chajiuza hawajawahi kuuza kiti Lushoto. Akashuka Muheza kwa huyo Yassin wako, akarudi na viti thelathini vya Dubai.

Gesti ilifunguliwa mwezi wa tatu. Mgeni wa heshima alikuwa Mwalimu Secilia, aliyetufundisha sote wawili darasa la tatu, wakamweka mbele kabisa. Mchungaji akaomba, chai ikamiminwa, na hotuba ya Alfred ilikuwa bado haijafika katikati mguu wa nyuma wa kiti ulipopinda, Mwalimu akaenda chini na kikombe chake. Kwanza watu walicheka. Alfred akasema Mwalimu amenenepa tangu astaafu. Kumbe nyonga imevunjika. Alilazwa wiki sita, na sasa anatembea kwa magongo, kutoka kitandani hadi mlangoni, basi. Nami nilikuwepo. Nilisimama mbele ya watu nikasema kwamba vitu vya ng'ambo havijui uzito wa watu wa milimani, na kwamba hayo ndiyo malipo ya kuwadharau mafundi wa kwetu. Walinipigia makofi, dada. Wiki nzima watu walikuwa wakinisimamisha barabarani kunipa mkono.

Wiki iliyopita Mwalimu aliniita nyumbani kwake. Anataka kiti chenye mikono imara, aweze kuinuka mwenyewe bila kushikwa kwapa na wajukuu. Alisema hataki cha mtu mwingine, kwa kuwa mimi sijawahi kumdanganya tangu nikiwa mtoto. Kisha akatoa chini ya kitanda ule mguu wa kiti uliomwangusha. Aliuomba kwa Alfred, akautunza. Akaniambia niutazame kwa jicho la fundi, nimweleze ni kazi ya mtu wa namna gani. Niliugeuza. Upande wa ndani, ulipokuwa umefunikwa na mahameli, palikuwa na namba kumi na saba kwa penseli, na ile saba ina mkato katikati, kama Baba alivyotufundisha kuiandika. Nikamwambia sijui.

Dada, viti vya Dubai vya Yassin navitengeneza mimi.

Vyote. Fremu zinatoka kwenye karakana yangu, zinashuka mlima juu ya lori la kabichi, na uani kwa Yassin zinavishwa sponji na mahameli na kubandikwa karatasi ya Kiarabu. Viti thelathini vya Alfred vilishuka mlima huu kisha vikaupanda tena, naye akalipia safari zote mbili. Yassin alikuja mwenyewe kutafuta fundi, wiki ile ile niliyokataliwa, nami sikumwomba hata siku moja ya kufikiri. Natumia paini mbichi, ile ambayo ukiipiga msumari inatoa maji. Sichongi ulimi wala tundu la kuunganishia. Napigilia misumari, na penye ufa najaza unga wa mbao na gundi. Usidhani ni njaa iliyonituma. Ingekuwa njaa ningeweza hata kuisema kanisani. Ilikuwa dharau. Nilijiambia kwamba watu wanaonunua jina wapewe jina, na nilikuwa nikicheka peke yangu nikipigilia. Nilijua miguu ile itapinda. Sikujali itapinda chini ya nani, maana kila nilipoifikiria nilimwona Alfred ndiye amekaa.

Hivyo vyekundu vilivyokunyima usingizi nilivitengeneza baada ya Pasaka. Mwalimu alikuwa bado hospitali, nami nikavitengeneza vile vile, kwa mbao zile zile. Kwa joto la huko mbao zitakauka upesi na misumari italegea. Mwaka hauishi. Usivilipie, na hata dukani usivikalie.

Nikuambie pia kilichonichoma katika barua yako. Uliniomba nikuchagulie kwenye viti vya Yassin, na haikukujia hata mara moja kwamba mdogo wako ni seremala, angeweza kukutengenezea. Nilianza kukuandikia na hasira hiyo, nadhani umeiona huko juu. Lakini nilipofika katikati ya karatasi niliona kwamba ulikuwa tayari umeniagiza mimi, bila kujua, na nilichokuwekea dukani ndicho hicho.

Mama hajui. Nitamwambia mwenyewe. Kwa Mwalimu nitakwenda kesho baada ya ibada, nimwambie kumi na saba ile ni yangu. Kiti chake sijakigusa. Kama hatakitaka tena kutoka mkononi mwangu, nitaelewa. Wewe ukitaka kumwonyesha Yassin barua hii, mwonyeshe. Ukitaka kuacha kuniandikia, sitakulaumu. Ila usiichane. Naipeleka stendi sasa hivi, iondoke na basi la Tanga la mchana, ili kesho nikifika mlangoni kwa Mwalimu niwe nimeshasema kwa maandishi, na nisiwe na njia ya kurudi nyuma.

Wasalimie watoto wote, na ndugu wa usharika wanaokusaidia ujenzi. Mungu aibariki nyumba yako na kila atakayeketi humo.

Ni mimi mdogo wako,
Kristofa