Maji ya Mitungi Minne

Ifakara, Juni 1911

Dada yangu Balbina,

Shikamoo dada. Mimi mzima wa mwili, ila upweke unanila. Natumaini waraka huu utakukuta salama na mguu wako umepoa. Mwalimu Teofili anayekusomea naye nampa salamu zake.

Unauliza kwa nini Mzee Fridolin amemzuia Digna asiolewe nami, na posa yetu ilikwisha kupokewa. Nasikia umemsema mpaka kisimani. Ngoja nikueleze kazi yangu kwanza, maana yote yametoka humo.

Hapa kituo cha simu pana mtambo wa umeme. Umeme wake huenda na kurudi, upesi kuliko kupepesa jicho, nazo betri za simu zinataka unaokwenda upande mmoja tu. Basi Bwana fundi ameweka mitungi minne ya kioo yenye maji ya magadi na mabamba ya madini. Kila mtungi ni kama mgono wa kutegea samaki: umeme hupita upande mmoja, ukitaka kurudi hauna njia. Mtungi mmoja peke yake ungepoteza nusu ya safari. Lakini kwa minne, umeme ukienda hupita miwili, ukirudi hupita miwili mingine, na mara zote huingia kwenye betri kwa mlango ule ule.

Watu hawataki kusikia hayo. Baada ya vita vile vya maji ya dawa, nani atakaa na mtu anayeshinda na maji yenye nguvu? Pombeni hawaniiti. Nakula na ukuta.

Mzee Fridolin alikuja na Digna kutazama. Nikamweleza, akasikiliza kwa adabu. Akasema kama ni magadi tu, nizime mtambo nijinyunyizie kichwani, naye atanipa binti yake siku hiyo hiyo.

Hapa mwambie mwalimu apunguze sauti. Nilizima, nikachota. Najua maji yale hayana lolote, nayakoroga mwenyewe. Lakini nilimwona kaka yetu Donati anavyonyunyiziwa maji ya vita, anacheka, asubuhi ile aliyotoka asirudi. Mkono ukagoma. Nikayamwaga chini, Digna ananitazama. Mzee hakunitukana. Alisema pole mwanangu, wakaenda zao.

Kwa hiyo aliyeshindwa ni mimi, dada. Usimseme tena yule mzee. Ikija posa nyingine, aipokee. Na Digna mwambie... hapana, usimwambie kitu.

Wasalimu wote wa nyumbani. Mavuno yakiisha njoo ukae nami, japo juma moja.

Ni mimi mdogo wako,
Leodegar